Wasichana Niliowaua kwa Kiswahili

Kabla sijatimiza miaka kumi na minane nilikuwa nimeshaua wasichana wa Kimarekani wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Wote niliwaua kwa Kiswahili, wote wakiwa ndani ya magauni marefu, na wote mchana kweupe wa Jumamosi, katika saluni moja ya Overport, Durban. Sikuwagusa hata kwa kidole. Aliyekufa kwa shoka, aliyekufa kwenye bwawa la kuogelea, na yule maskini aliyeangukiwa na spika ya muziki, wote walikuwa wameshauawa huko kwao na kutiwa kwenye kanda za video. Kazi yangu ilikuwa kueleza kwa nini.

Saluni ilikuwa ya mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alifika Durban mwaka mmoja baada yetu, akafungua biashara yake wakati sisi bado tunauliza soko liko wapi. Mama yangu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa mmoja wa wasusi wake. Kwenye kona ya nyuma, karibu na sinki, mama alikuwa na cherehani yake kwa ajili ya wateja waliotaka nguo za kupunguza na zipu za kubadilisha. Baba alishusha mizigo bandarini na alilala Bluff, karibu na bandari, na wenzake siku za zamu, kwa hiyo nyumbani kwetu alikuwa na kura lakini hakuitumia.

Sasa, kusuka rasta ndogo ndogo ni kazi ya saa sita, saba kama mteja ana kichwa kikubwa na roho ndogo. Mtu huwezi kumkalisha saa sita bila kumpa kitu cha kutazama. Atatazama kioo, na akishatazama kioo ataanza kutoa maoni. Ndiyo maana mama mwenye saluni alinunua televisheni na deki, akaviweka juu ya kabati la mafuta ya nywele, kisha akagundua kwamba filamu zote zinazungumza Kiingereza na wateja wake wengi wanazungumza kila kitu isipokuwa Kiingereza. Yeye mwenyewe alikuwa na Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Kiingereza cha mama kilianzia kwenye bei na kuishia kwenye nauli. Nikabaki mimi, mwanafunzi wa matriki, mwaka wa mwisho wa sekondari, niliyekuwa nimejifunza kuongea Kiingereza kwa pua kama wenzangu wa shule na kujiona nimeshafika. Nikikumbuka kiburi changu cha mwaka ule natamani kujizaba kofi.

Nilisimama kando ya televisheni, mkononi nina chanuo badala ya fimbo, nikatafsiri filamu nzima kuanzia muziki wa mwanzo. Malipo yalikuwa soda moja na chipsi zilizolowa siki. Wanawake walisikiliza, mikono ikienda vichwani kwa wateja. Shida ilikuwa moja tu: kila muuaji alipokaribia, wasusi walikaza mikono. Mteja aliyeketi kimya tangu asubuhi angepiga kelele ghafla, "Eish, Mama, unanivuta!" na hapo ndipo wote tulijua kwamba filamu ni nzuri. Kuna wanawake wa Durban ambao mpaka leo wana vipara vidogo juu ya masikio kwa sababu ya sanaa yangu.

Kanda tulizitoa duka la mtaa wa pili, kwa mzee mmoja wa Kihindi tuliyemwita Uncle kama alivyoitwa na Overport nzima. Uncle alitupa kwa huruma zile kanda ambazo hakuna aliyezitaka, na rafu iliyokuwa haitakiwi kabisa ilikuwa ya filamu za kutisha za dansi ya kumaliza shule. Hapa kwetu Durban tunaiita matric dance. Wamarekani wanaiita prom, na kwa kadiri nilivyowaelewa, wao wanaiandaa mahsusi ili watoto wapate pa kufia.

Nilizitazama zote, na naweza kusema bila woga kwamba ni filamu moja waliyoipiga mara nyingi. Kuna ukumbi wa mazoezi uliojazwa maputo na karatasi za kumetameta. Kuna msichana mwenye miwani, ambaye akiivua tu miwani kila mtu anashangaa kwamba alikuwa na uso. Kuna mwalimu mkuu anayesema dansi haiwezi kuahirishwa, hata pale maiti ya tatu inapopatikana kwenye kabati la mipira. Kuna mzee wa kufagia, ambaye anashukiwa kwa sababu tu ana ufagio. Polisi ni mmoja, naye anakula. Kisha zinapigwa kura, malkia anatangazwa, anavikwa taji la plastiki na kupewa kipaza sauti, na hapo ndipo anapofanya kosa ambalo wasichana wote wa Kimarekani hulifanya. Anatoa hotuba ya shukrani badala ya kukimbia.

Hotuba zenyewe zilikuwa aibu. Msichana analia, anasema haamini. Anarudia kwamba haamini. Anamshukuru mpenzi wake, rafiki yake wa kike, wakati mwingine mtengeneza nywele wake, anasema tufuate ndoto zetu, anasema tena haamini. Taa zinazimika. Mara ya kwanza nilipotafsiri hotuba ya namna hiyo neno kwa neno, wasusi walinitazama kama niliyewapa chai isiyo na sukari.

"Ni hivyo tu?" mama mwenye saluni aliuliza. "Mais, ule mtoto hana nyumbani?"

Nikaona nimeharibu. Jumamosi iliyofuata, malkia mwingine alipopanda jukwaani na kusema haamini, mimi nilinyoosha shingo nikatoa hotuba kama inavyotolewa na watu wenye adabu. "Mgeni rasmi, walimu wangu, wazazi waalikwa, mabibi na mabwana. Nasimama mbele yenu nikiwa sina cha kujivunia. Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu. Pili namshukuru mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni miezi tisa na mgongoni miaka miwili, aliyelala njaa nipate daftari. Mama, taji hili si langu, ni lako." Yule msichana kwenye televisheni alikuwa ameshamaliza kusema na ameshatobolewa shingo, lakini mimi nilikuwa bado naendelea, na saluni nzima ilikuwa inalia. Mteja alitoa leso. Mama yangu alifuta macho kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na mafuta.

Tangu siku hiyo hakuna malkia aliyekufa kwenye saluni ile bila kumshukuru mama yake. Nikanogewa. Nilianza kuwapa pia sababu za vifo. Kwa Kiingereza, muuaji aliua kwa sababu ya jambo fulani la miaka kumi iliyopita ambalo hata yeye mwenyewe hakuweza kulieleza vizuri. Kwa Kiswahili changu, yule wa shoka alikufa kwa kumjibu mama yake jeuri. Wa bwawani aliaga anakwenda maktaba. Aliyeangukiwa na spika aliacha mabega wazi, na alikuwa ameshaonywa. Wasusi walitikisa vichwa. "Umeona?" waliwaambia wateja wenye mabinti. Na ili wasikilize vizuri zaidi, mwanzoni mwa kila kanda, majina yakiwa bado yanapita, mimi nilitangaza kwa sauti nzito: "Hii ni hadithi ya kweli. Ilitokea."

Shimo langu mwenyewe nililichimba Jumamosi baada ya Jumamosi, nikilipwa chipsi.

Muhula wa tatu shule ikatoa barua. Dansi ya matriki itafanyika katika ukumbi wa Queensburgh, wazazi wanakaribishwa kushuhudia mapokezi na zawadi, watoke kabla ya chakula. Nilimsomea mama barua ile pale saluni, nikiwa nimeshajiona nimevaa. Mama hakuacha hata kusuka.

"Huendi," alisema.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu wa Tanga.

"Huendi, mwanangu. Mie nina mtoto mmoja. Nimeona yanayotokea huko."

"Mama, zile ni filamu!"

"Wewe mwenyewe ulisema ni kweli. Kila kanda. Ulisema ilitokea."

Nikamgeukia mama mwenye saluni nikitegemea kwamba mwanamke aliyevuka nchi tano angekuwa na akili za dunia. Akaweka chini kikombe chake. "Minaona mama yako iko na haki," alisema. "Kule batoto bote banakufa. Hata ule wa miwani."

"Yule wa miwani alibaki hai!"

"Kwa mwaka moja tu. Ile kanda ya pili walimuua."

Ilikuwa kweli. Nililia siku mbili. Usidhani nilikuwa nalilia muziki. Kwa watoto wa shule yetu, asiyekwenda dansi ya matriki alikuwa kama hakusoma. Mwaka mzima wasichana walizungumzia magauni na magari, na mimi, ambaye niliingia shule ile nikiitwa kwa jina la nchi nisiyotoka, nilikuwa nimehesabu dansi hiyo kama siku nitakayoingia mlangoni na kuwa mmoja wao. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa ya kijinga. Jumamosi niliazima kanda ambayo hatujawahi kuitazama, nikaamua kwamba safari hii hafi mtu. Msichana wa kwanza alipochomwa kisu nilisema amezimia kwa njaa, kwa sababu hakula nyumbani. Wa pili nilisema amelala. Wa tatu pia nilisema amelala.

"Na kichwa yake iko wapi?" mama mwenye saluni aliuliza.

Nilikitazama kichwa kinavyobingirika katikati ya maputo. Nikasema ni mchezo wa Kimarekani. Hata mteja aliyekuwa amefunikwa na draya ya nywele alicheka.

Jioni yake nikaketi na mama kwenye benchi la saluni, mama mwenye saluni akihesabu mafungu ya rasta na kujifanya hasikii, nikakiri. Nilisema si hadithi za kweli. Nilisema hakuna aliyekufa kwa kumjibu mama yake, hakuna aliyekufa kwa mabega, hakuna aliyeaga anakwenda maktaba. Sababu zote nilizitunga mimi. Nilitegemea kofi, au angalau zile "ala!" za mama zenye uzito wa kofi. Mama akatoa nywele zilizonasa kwenye meno ya chanuo, moja moja.

"Na zile shukrani?" aliuliza. "Zile ni zao au zako?"

Nilipiga hesabu haraka: nikimwambia kwamba wasichana wale hawawataji mama zao hata kidogo, ataona dansi ni shule ya utovu wa adabu, na nitabaki Overport nikisikiliza redio. "Ni zao, Mama," nilisema. "Shukrani ni zao."

Mama akatabasamu, tabasamu ambalo nililichukulia kuwa la mtu aliyedanganyika. "Haya, nenda," alisema. "Gauni nitakushonea mie. Na ukipewa kipaza sauti nitakuwepo, nisikie."

Miezi miwili iliyofuata gauni langu lilishonwa katikati ya vichwa vya watu. Kitambaa kilitoka maduka ya Grey Street, satini, baada ya mkutano mkubwa kuhusu rangi. Nyeupe ilikataliwa kwa sababu damu huonekana. Nyekundu ilikataliwa kwa sababu damu haionekani, na mtu atachelewa kujua kwamba ameumia. Tukaafikiana kijani cha chupa. Mabega yalifunikwa kwa lesi, maana mama, pamoja na kukubali kwamba sababu zile ni uongo wangu, hakuona haja ya kujaribu bahati. Upindo ulikuwa mwepesi na mpana ili niweze kukimbia. Shanga za kifuani alizishona kwa mkono, akiacha mteja na rasta nusu kichwa kila alipopata wazo jipya la ua. Wateja walilalamika, kisha wakaanza kusaidia kuchagua shanga. Vidole vya mama vilivimba nchani. Alikuwa anasuka mchana kutwa na vidole hivyo hivyo, na nilimsikia akifyonza meno kila uzi wa rasta ulipomkata palepale sindano ilipomchoma.

Gauni likawa zuri. Nasema hivi bila upendeleo, kwa sababu nililiogopa. Nililijaribu mbele ya kioo cha saluni, na mwanamke mmoja aliyekuja kunyoosha nywele akauliza limenunuliwa duka gani.

Siku yenyewe mama mwenye saluni alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata Krismasi. Tulipanda gari la mteja wake, la kijivu, lililozima kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, na kuwashwa kwa maombi. Tulifika Queensburgh saa kumi na moja jua likiwa bado kali, wenzangu wakishuka kwenye magari marefu ya kukodi, na mimi nikashuka katikati ya wanawake wawili waliovaa kama watu wanaokwenda harusini na kukagua kama askari. Mama alihesabu milango ya kutokea. Akaipata minne, akaniambia nikumbuke ule wa karibu na jukwaa. Mama mwenye saluni alimtafuta mzee wa kufagia, akampata, akamshika mkono kwa furaha na kumpa chapati mbili ili awe upande wetu. Yule mzee alishukuru kwa Kizulu na hakuelewa lolote. Niliona wasichana wa darasani wananong'ona, nikatembea hatua nne mbele ya mama yangu. Hatua hizo nne nazikumbuka vizuri kuliko mlango wenyewe nilioingilia.

Zawadi zilitolewa kabla ya chakula, wazazi wakiwa kwenye viti vya nyuma. Nilikuwa mtaalamu wa hotuba za shukrani, na nawaambia kwamba zile za Queensburgh zilishinda za Marekani kwa ubovu. Mfalme wa dansi alimshukuru Mungu, timu ya raga, na gari la kaka yake. Malkia alianza kulia kabla hajatajwa, kwa hiyo alipotajwa machozi yalikuwa yamekwisha ikabidi ajikamue. Alimshukuru mbwa wake. Aliyepata zawadi ya tabasamu bora alikuwa amefungwa vyuma vya meno, na alizungumza akiwa amefumba mdomo. Nilicheka moyoni. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyowatafsiri Jumamosi.

Kisha mwalimu wa jiografia, ndiye aliyekuwa akiita washindi, akasoma zawadi ya gauni bora, na akasoma jina langu.

Nyuma ya ukumbi kilipigwa kigelegele ambacho nina hakika Queensburgh haikuwa imekisikia tangu iumbwe. Alikuwa mama mwenye saluni. Ukumbi mzima uligeuka. Mama yangu alikuwa amesimama, peke yake kati ya wazazi waliokaa, mtandio umeshuka mabegani, mikono imekumbatia mkoba kifuani. Watu wengine walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani, lakini mimi sikuwa na masikio ya kupima vicheko siku hiyo.

Nikapewa kipaza sauti. Nilimshukuru mwalimu mkuu. Nilishukuru kamati ya mapambo. Nilimshukuru kijana niliyepangiwa na shule kucheza naye, ambaye jina lake la ukoo sikulijua. Nilisema siamini. Nilisema tufuate ndoto zetu. Mwalimu wa jiografia akashika lesi ya bega langu kwa vidole viwili, akauliza kwa Kiingereza mbele ya kipaza sauti, gauni hili zuri amelishona nani?

Nilimwona mama kule nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza cherehani kama ina kasoro.

"Limeletwa kutoka ng'ambo," nilisema. "Kuna shangazi yangu London."

Ukumbi ulipiga makofi. Sina shangazi London. Sina shangazi popote. Nilipewa boksi la chokoleti na kadi, nikashuka.

Wazazi walipoambiwa watoke, niliwasindikiza hadi kwenye lile gari la kijivu. Mama mwenye saluni alinikamata mikono yote miwili. "Umesema mingi!" alisema. "Tafsiria sisi. Yote, yote."

Ningeweza kusema nimechoka. Badala yake nilinyoosha shingo, palepale kwenye maegesho, nikaanza. "Mgeni rasmi, walimu wangu, wazazi waalikwa." Maneno yalikuja yenyewe, nilikuwa nimeyasema mara nyingi mno. Mwenyezi Mungu. Miezi tisa. Mgongoni miaka miwili. Nikaongeza na vidole vilivyovimba, na shanga, na kila kichwa kilichoachwa nusu kwa ajili yangu. Nikamalizia kwa ile iliyowaliza wote saluni: "Mama, zawadi hii si yangu, ni yako." Mama mwenye saluni alikuwa analia kwa sauti, wanja umeshafika mashavuni. "Mon Dieu," alikuwa anasema, "mon Dieu, huyu mtoto."

Mama hakulia. Alipiga magoti, akakagua upindo wa gauni palipokuwa pamechafuka vumbi, akapakung'uta. Alizungumza akiwa bado chini, taratibu, ili mwenzake asisikie.

"Mie Kiingereza sikijui," alisema. "Lakini neno 'mother' nalijua. Kule kliniki, kule shuleni kwenu, kila ofisi niliyoingia na wewe, hapana aliyeniita kwa jina. Wananiita mother. Ndilo neno langu la kwanza hapa. Katika kanda zako zote nilikaa nikilisubiri, na wale wasichana hawakulisema hata mmoja. Nikajua shukrani ni zako, unanisemea mie kupitia kwao, unaona haya kuniambia usoni. Ndiyo maana nilikuruhusu uje."

Akasimama, akanyoosha lesi ya bega langu, palepale alipoishika mwalimu.

"Leo pia nimelisubiri," alisema. "Haya, rudi ndani. Wenzako watakula wamalize."

Gari likawaka kwa shida, likaondoka, na mkono wa mama mwenye saluni ukabaki nje ya dirisha ukinipungia mpaka kona. Nilirudi ndani nikala kuku, nikacheza. Hakuna aliyekuja na shoka.

Mama hakulizungumzia tena, wala hakunibadilikia, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba. Jumamosi iliyofuata alinipokea na chai saluni kama kawaida. Wateja walikuwa wanne. Mama mwenye saluni alikuwa ameshamsimulia kila aliyepita Overport hotuba yangu, kwa namna nilivyomtafsiria, na alikuwa anaisimulia tena. Akatia kanda kwenye deki. Nikachukua chanuo langu, nikasimama mahali pangu.

Sikutangaza kwamba ni hadithi ya kweli. Maputo yalikuwepo, mwenye miwani alikuwepo, mzee wa ufagio alikuwepo. Kura zikapigwa. Msichana akavikwa taji, akapewa kipaza sauti, akafungua mdomo. Wasusi walipunguza kasi ya mikono ili wasikilize vizuri, na mmoja alishatayarisha leso.

"Anasema haamini," nilisema. "Anamshukuru mpenzi wake. Anamshukuru aliyemtengeneza nywele. Anasema haamini."

Wakasubiri.

"Na mama yake?" aliuliza mama mwenye saluni.

"Hakumtaja."

Ukumbi kwenye televisheni ulikuwa bado unapiga makofi, taa zote zinawaka, muuaji hajaingia hata mlangoni. Kwenye kiti alichosukia mama yangu, mteja akaruka.

"Eish, Mama," alisema, akishika juu ya sikio. "Unanivuta."